MJADALA: Kijana anayekwenda kazini nje afundishwe kumwambia bosi "sijaelewa", au ndiyo tunamharibu?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Hapa Mbeya nasikia wazazi wakisema kwamba ukimfundisha kijana anayekwenda kufanya kazi Ulaya amtazame mkubwa usoni na kumhoji, atarudi hana adabu. Mimi napinga, tena kwa nguvu zote.

Tuanzie nyumbani. Kwa mila za Kinyakyusa, mke humkwepa baba mkwe. Akimwona anakuja, anapisha njia. Binti wa Kihehe akiolewa Tukuyu, kwa Wanyakyusa, anafundwa hayo na mawifi, na sijasikia mtu wa Iringa akilalamika kwamba binti kaacha Uhehe wake. Madereva wetu wakivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia na kufika kwa Wabemba, wanakuta watu wakisalimiana kwa kupiga makofi taratibu huku wameinama kidogo, nao wanafuata. Kwa nini iwe kosa ikifika zamu ya Ulaya?

Linaloniumiza zaidi ni hili la kuitikia. Tumelelewa kumwitikia mkubwa. Daktari akitoa maelekezo harakaharaka, muuguzi wetu anasema "ndiyo" hata kama kipimo cha dawa hakukisikia vizuri, maana kuuliza tena mbele za watu anaona ni kumvunjia daktari heshima. Ukiwa Ujerumani, ukisema ndiyo, wenzako wanajua umeelewa. Wanageukia kazi nyingine, na mgonjwa anabaki na dozi ya kubahatisha. Mtu anaweza kufa kwa unyenyekevu wa namna hiyo! Kijana afanyishwe mazoezi kabla hajapanda ndege, mpaka aweze kusema "sijaelewa, naomba urudie" bila kigugumizi.

Tena Ulaya si moja. Sweden daktari anaitwa kwa jina lake la kwanza. Ujerumani utasema Bwana au Bibi pamoja na jina la ukoo, hata kwa mgonjwa. Mholanzi anayenunua parachichi za Njombe atakutajia kasoro za mzigo kabla hata hamjanywa chai, na hajakutukana. Na nje ya Ulaya, Oman nako, wakati wa kusalimiana mwanaume asubiri mwanamke anyooshe mkono kwanza, asipounyoosha basi.

Najua kuna watakaosema wenyeji nao wajifunze ya kwetu. Ni kweli, na mwajiri aliyemwita mtu kutoka mbali ana wajibu huo. Lakini siku ya kwanza wodini mgonjwa hawezi kusubiri wajifunze.

Kwangu mimi, ugumu uko kwenye gharama. Naona mwajiri na wakala ndio walipie mafunzo haya, kwa sababu familia nyingi zimeshauza ng'ombe au shamba la miti kutafuta nauli. Wenye ndugu waliopitia kwa mawakala, hebu semeni: walifundishwa nini zaidi ya mahali pa kusaini mkataba?