Naomba ushauri: hita ya dizeli kwenye boti la mfereji

Wakuu, habari zenu. Naishi kwenye boti jembamba la futi 57 huku Uingereza, mfereji wa Grand Union. Baridi ya Januari si ya mchezo. Hita ya dizeli niliyoikuta humu sasa ikiwashwa inatoa moshi mweupe, kisha inazima. Fundi anasema ni masizi, kwa kuwa naiacha kwenye moto mdogo usiku kucha. Eti niwe naipa moto mkubwa nusu saa iunguze uchafu. Mimi nashuku betri pia, maana plagi ya kuwashia inakula umeme mwingi mwanzoni. Niifungue niisafishe, au ninunue hita ya kampuni ya Webasto, ile inayopasha maji yanayozunguka kwenye rejeta za kupasha chumba? Kengele ya kutambua kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) ninayo, msihofu.