Nataka kuvuka Tijuana siku moja nikiwa San Diego, nani kashawahi?

mtembezi_wa_ngambo
Asalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mie kazi yangu kutembeza wageni hapa mjini, Mji Mkongwe na mashamba ya viungo, mwaka wa 11 huu, safari hii na mie nataka nitembezwe. Nna dada yangu anakaa San Diego, California, viza ya Marekani nshapata ya kuingia mara nyingi, nitakaa kwake wiki tatu inshallah. Sasa naangalia ramani naona Mexico iko pale pale, mji unaitwa Tijuana, dada anasema ukipanda treni ya mjini kituo cha mwisho ndo mpaka wenyewe. Na yeye mwaka wa sita yupo pale hajavuka hata siku moja! Anasema wauza unga wanapigana risasi, na shemegi ndo kabisa hataki kusikia. Nauliza, viza ya Mexico naipatia wapi mie mtu wa hapa, chakula cha halali kipo, na kweli kunatisha hivo au maneno ya watu tu? Naenda asubuhi narudi jioni silali. Na msinambie niende Disneyland, bei nshaiona.

yakhe_wa_wete
Yakhe watu wanauza mikarafuu waingie Marekani weye ushaingia unataka kutoka? Ubalozi wao uko Nairobi, viza kwa wiki mbili huipati. Kaa kwa dada'ko ule biriani.

binti_mkunazini
Huyo wa Wete anakutania kaka, ila kwenye viza kapotea usimfate. Mexico mtu akiwa na viza ya Marekani iliyo hai hawamdai viza yao, hata pasipoti iwe ya Tanzania. Mie nlisoma San Diego miaka miwili nkavuka mara tano au sita kwa pasipoti yetu hii hii, afisa anaifungua, anaigeuza, anauliza Tanzania ndo wapi, anagonga muhuri yamekwisha. Kwenda si kazi, unashuka treni ya Blue Line kituo cha San Ysidro (nauli wakati wangu ilikuwa dola 2.50 tokea mjini), unafata watu kwa miguu, unapita mlango wa chuma wa kuzunguka, ushafika Mexico. Mara ya kwanza nlisimama nkageuka nyuma nikidhani nimekosea njia.

Kazi iko kurudi. Tizama viza yako pale penye idadi ya kuingia pameandikwa M au 1, kama ni 1 usivuke, maana unaweza kubaki Tijuana na mabegi yako yako kwa dada. Halafu zile siku ulizopewa ulipotua Marekani usidhani ukienda Mexico ukarudi zinaanza upya, unaendelea na zile zile. Na foleni sasa, foleni we wacha tu. Pale ni katika mipaka ya nchi kavu inayopitwa na watu wengi kabisa duniani, kuna watu wanalala Tijuana kwa sababu nyumba rahisi na wanafanya kazi San Diego, kila alfajiri wanavuka kama watu wa Bububu wanavokuja mjini, na Jumapili jioni ndo kila mtu anarudi kutoka kula bata. Mie Jumapili moja nimesimama masaa matatu na nusu na viatu vipya, nimelia. Nenda katikati ya wiki, toka saa nne asubuhi. Na ukisikia watu wanasifu daraja la CBX ni la kiwanja cha ndege cha Tijuana, bila ya tiketi ya ndege hupiti, usijisumbue.

Chakula: nyama za taco nyingi nguruwe, ile ya kuzunguka kwenye moto kama shawarma (wanaita al pastor) ndo nguruwe mwenyewe. Hilo kila mtu analijua, ila linalowapata watu wetu ni mafuta. Maharage yao ya kuponda wanakaangia mafuta ya nguruwe mara nyingi na mikate ya ngano nayo inatiwa. Wewe kula mikate ya mahindi, na samaki, taco ya samaki pande zile ni tamu kweli, uliza tu wanakaangia nini, mafuta ya nguruwe wao wanaita "manteca", ukilisikia hilo ondoka. Halafu kanunue embe lilokatwa likatiwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Wallahi nlipolitia mdomoni nlijiona niko nje ya geti la skuli Darajani! Na juisi ya ukwaju wanauza kila pahala.

Usalama sikudanganyi, wauza unga wapo na watu wanauliwa kweli, lakini wengi ni wao kwa wao na si kule wanakotembea wageni mchana. Barabara ya Avenida Revolución, mtaa wa Zona Río, sokoni Mercado Hidalgo, Playas kule pwani, huko nimetembea peke yangu na hijabu yangu. Ukifika lile tao kubwa la chuma mwanzo wa Revolución usikate kuingia vichochoro vya nyuma, Zona Norte, huko madanguro na walevi. Na giza lisikukute.

Jengine hawatakwambia wazungu: watakuita "haitiano". Wahaiti walianza kufika Tijuana kwa wingi 2016 wakitaka kuingia Marekani, wengi wakakwama wakafungua vinyozi na mikahawa, kwa hiyo mtu mweusi kwa wenyeji pale ni Mhaiti tu. Si tusi. Ila polisi anaweza kukusimamisha akataka karatasi, pasipoti iwe mfukoni usiiache kwa dada ukachukua picha yake kwenye simu.

baharia_mstaafu
Binti kaeleza vizuri sana. Mie nishafanya kazi meli za watalii zinatia nanga Ensenada, kusini ya hapo, Tijuana nimepita mara nyingi. Nakuongezea la pesa kijana wangu. Alama ya peso ni ile ile ya dola, $, tena wanaandika hivo hivo. Utaona taco $35 ushtuke, hizo ni peso, dola moja inacheza peso 17 mpaka 20. Dola wanapokea kila duka lakini wanakupigia hesabu yao, kwa hiyo badilisha kidogo ulipe kwa peso. Teksi za manjano za hapo mpakani waambie bei kabla hujakaa kitako. Wenyeji wao wanapanda calafia, vibasi vidogo, daladala tu hizo, hata kondakta anavoita watu utacheka.

Halafu uwaulize wakuoneshe Minarete. Kuna mnara wa msikiti pale, umenakshiwa vigae, na haujaadhiniwa hata siku moja. Ni dohani! Ilikuwa kasino kubwa Agua Caliente, ilifunguliwa 1928 wakati Marekani pombe imepigwa marufuku, matajiri na watu wa sinema wa Hollywood wanavuka kwenda kunywa na kucheza kamari, basi bomba la moshi wakalivisha umbo la mnara lipendeze. 1935 rais wao Lázaro Cárdenas akazuia kamari, kasino ikafungwa, sasa hapo ni skuli. Msikiti wa kweli upo Playas, mdogo, na mjini humo kuna nyumba ya kupokea wasafiri Waislamu waliokwama ilofunguliwa 2022. Ukiwahi adhuhuri kasali.

yakhe_wa_wete
Haya nimekubali kosa la viza. Lakini mji wenyewe mkubwa kiasi gani, isijekuwa kama Mkoani, ukishuka meli ushaumaliza.

binti_mkunazini
😂 Sensa yao ya 2020 Tijuana na vitongoji vyake watu milioni 1.92. Zanzibar nzima Unguja na Pemba 2022 tulihesabiwa milioni 1.89. Mji mmoja huo yakhe.

mtembezi_wa_ngambo
Nimerudi jamani, nilikwenda Jumatano. M ilikuwepo alhamdulillahi. Kuvuka dakika ishirini, na muhuri nimegongewa bila swali.

Revolución nimekutana na papasi wenzangu, hakuna tofauti na Forodhani hata kidogo, amigo amigo njoo duka hili, dawa bei rahisi, daktari wa meno, kofia, mmoja kanifata mpaka ng'ambo ya njia na mie nakataa kwa kichwa simtizami usoni, kama wanavonifanya mie wazungu. Nikarudi nikamnunulia mkufu wa shanga, sikuutaka. Nimeona punda amepakwa rangi akawa pundamilia! Eti zamani picha zilikuwa nyeusi na nyeupe punda haonekani vizuri ndo wakampiga mistari, na mpaka leo watu wanapanga foleni kupiga naye picha. Punda wetu wa kubeba mchanga wakisikia habari hii watagoma. Hoteli ya Caesar's nimekula ile saladi ya Kaisari, wanasema ilizaliwa Tijuana humo humo 1924, kumbe sikuzote nikidhani ya Kirumi. Wanaichanganya mbele yako mezani, majani marefu, jibini, mayai, dagaa wa chumvi. Nzuri, lakini ni majani, nimetoka na njaa nkaenda kwenye samaki.

Nilipokaa sana ni Playas. Ukuta wa mpaka unateremka pwani unaingia baharini kabisa, nguzo za chuma zimeliwa na kutu, watoto wanacheza mpira chini yake, na upande wa pili ule ule mchanga hakuna mtu. Kulikuwa na mama mmoja kashika nguzo anazungumza kwa simu ya video, amemuelekezea mtu ng'ambo. Sikupiga picha.

Kurudi nimesimama foleni muda wa saa moja na dakika kumi. Afisa kaniuliza una matunda? Nikasema ndio nna embe nusu nampelekea dada alionje. Likatupwa pipani mbele ya macho yangu.

yakhe_wa_wete
Dada'ko kasemaje?

mtembezi_wa_ngambo
Anasema mwezi ujao anavuka akalile huko huko. Shemegi bado hataki kusikia.