Tupeane uzoefu: siku uliyozindua websaiti ya biashara yako ilikuwaje?

Wa Mwaloni (mwenye uzi)

Mwangaluka wakuu. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, nilianza na magunia kama kila mtu baadae nikaongeza wa kukaanga wa pakiti. Mwaka jana nikasema ngoja na mimi niwe na websaiti, maana wateja wa Dar na wa Kongo kila siku tuma picha, tuma picha, bando linaishia kwa watu ambao hata hawanunui. Dogo mmoja akanitengenezea kwa WordPress, ile programu ya kujengea websaiti, kazi nzuri tu sina neno. Siku ya kuzindua nikaweka status, nikatupia magrupu yote hadi la harusi ya binamu, nikakaa na simu mkononi kama nasubiri matokeo ya form four. Kimya. Saa tano kimya, saa nane kimya. Jioni shemeji wa Kigoma ananipigia, shemeji mbona nikibonyeza kitufe cha WhatsApp inaniambia hii namba haipo? Kumbe dogo kaandika namba na sifuri yake mbele. Linki ya wa.me inataka 255 halafu namba bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi katikati. Siku nzima watu wanagonga mlango wa kuchora ukutani.

Picha nazo nilipiga kwa simu, kila moja MB 4 na ushee, ukurasa wa kwanza tu picha 12. Kwenye wifi ya dogo inafunguka chap, kwa mtu wa bando la mia tano pale Buzuruga inazunguka mpaka anaghairi. Tukazipunguza hadi chini ya KB 150 na dagaa wanaonekana vilevile.

Ila lililoniuma ni Google. Miezi mitatu natafuta jina la biashara yangu mwenyewe sijioni. Kwenye mipangilio ya WordPress, sehemu ya kusoma, kuna kiboksi ukikitiki unaiambia Google na wenzake wasiiingize hii tovuti kwenye orodha zao. Mafundi wengi hukitiki wakati wanajenga ili isionekane nusunusu, halafu siku ya kuzindua wanatakiwa wakitoe. Dogo alisahau. Nyie je, mwageni hapa.

Dada wa Gesti, Nyegezi

Pole kaka, yako ilipona, yangu nilizika. Nina gesti ya vyumba tisa. Fundi akaniambia dada usihangaike, domeni, yaani jina la websaiti, nitakusajilia mimi, nikampa hela ya .co.tz na ya hosti, pale websaiti inapohifadhiwa, kwa pamoja, sikuuliza risiti wala imesajiliwa kwa jina la nani. Kumbe la kwake na imeili yake. Mwaka ukaisha, meseji za kukumbusha kulipia zinaenda kwake, yeye kahamia Dodoma na laini kabadili. Websaiti ikakata mchana wageni wawili wako njiani. Nikampigia wakala waliyesajilia, nikatuma leseni na TIN, jibu ni mama sisi tunamtambua aliyeandikishwa. Nikachoka, nikachukua jina jingine. Sasa bango la barabarani, vipeperushi, muhuri, vyote vina jina la zamani, na fundi bango hakunihurumia hata shilingi! Siku hizi hata fundi awe mdogo wangu wa tumbo moja, akaunti ya domeni inafunguliwa kwa imeili yangu na mimi nimekaa hapo.

Fundi Injini, Kirumba

Mtanisamehe ila naona mnapoteza hela. Mimi natengeneza injini za mitumbwi, niliweka pini kwenye ramani ya Google, bure, picha za karakana, namba na saa za kazi, basi. Mtu katoka Ukerewe injini imemfia hana muda wa kusoma kuhusu sisi na dira yetu, anataka kujua uko wapi na simu unapokea. Websaiti ninayo pia, kijana wangu alinishawishi, ipo tangu mwezi wa pili na sijapata hata simu moja kutoka huko. Nimeiacha tu.

Mama Igombe

Shikamoo mzee wangu, mi naona vyote vina kazi yake. Mimi ugomvi wangu ulikuwa bei. Nilizindua kipindi cha giza, mzigo umejaa, nikaweka bei ya kilo ya dagaa kwa maandishi makubwa mekundu, najisifu kweli. Wiki mbili mbele mwezi umewaka, na mnajua dagaa wanavuliwa kwa kufuata taa, mbalamwezi ikitawala ziwa lote taa ya mvuvi haina kazi, mitumbwi inalala. Bei ikapaa. Mteja wa Morogoro kashikilia ile ya kwenye websaiti kama hukumu ya mahakama, ananitumia na picha ya skrini. Nikamuuzia kwa hasara nikimtabasamia kwenye simu. Fundi wa Dar hawezi kukwambia haya, kwake bei ni bei. Sasa naandika bei ya leo na tarehe pembeni, na mwezi ukikaribia kujaa natoa bei kabisa naweka mzigo haba, piga kwanza. Naingia mwenyewe kubadilisha, hilo nililazimisha nifundishwe kabla sijamalizia malipo ya fundi.

Stationery Nyakato

Sisi tulikata keki, sitanii, bosi anapenda mambo. Fundi alihamisha nameserver zote, zile zinazoelekeza jina la websaiti liende wapi, kwenda hosti mpya, websaiti inang'aa, picha zikapigwa. Kumbe zile rekodi za MX zinazoonyesha imeili ziende wapi hakuzinakili, na imeili za ofisi zilikuwa hosti ya zamani. Siku mbili hakuna imeili hata ya matangazo, tunasema mwezi huu biashara ngumu. Oda ya madaftari ya shule moja ikaenda kwa jirani. Halafu mabadiliko ya hivyo hayafiki kote kwa pamoja, inaweza kufika hadi masaa 48, mimi naona mpya bosi anaona ya zamani, tukabishana kila mtu anamwona mwenzie kipofu.

Dada wa Gesti, Nyegezi

😂😂 keki

Kinyozi Makoroboi

Nafuatilia. Yangu ilikuwa ile kufuli ya kuonyesha websaiti ni salama, cheti chake cha bure kilikuwa kinaisha kila siku 90 na hosti haikuwa inahuisha yenyewe, mwezi wa nne simu za wateja zinaandika tovuti sio salama. Watu wakadhani nimedukuliwa, saluni ya viti vitatu wadukue nini jamani

Wa Mwaloni (mwenye uzi)

Mzee Fundi Injini, shikamoo. Kile kiboksi nilichosema juu uliangalia? Tangu mwezi wa pili bila simu hata moja mimi nakitilia shaka. Mwambie kijana aingie mipangilio, kusoma, ashuke chini kabisa.

Fundi Injini, Kirumba

Marahaba. Kijana yuko hapa anafungua.

Fundi Injini, Kirumba

Tiki ipo.