Ushauri: Daftari la majeneza la mzee, nilisome hadharani au nilifunge?

Kalamu Kavu (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi.

Marehemu mzee wangu alikuwa seremala kwenye senta moja wilayani Muleba, Kagera. Alianza na meza na madirisha mwaka 1974. Jeneza la kwanza alibembelezwa kulitengeneza, maana enzi hizo kwetu kuna wazee walikuwa bado wanazikwa na lubugo, ile nguo ya gome la mti, humo humo kibanjani. Leo karakana iko chini ya kaka yangu, na ameongeza gari la kubebea maiti, maturubai na viti vya kukodisha. Desemba tunafanya kumbukumbu ya mzee, na familia imenipa kazi ya kuandika historia ya karakana niisome mbele ya watu.

Shida ni kaunta buku lake. Kila jeneza lina tarehe, jina, urefu, aina ya mbao na aliyelipa. Mwaka 1981 una majina 9. Mwaka 1989 umekula kurasa 11. Kuna nyumba moja ina mistari 3 ndani ya miezi 14: baba, mama, kisha sanduku la futi 2 na nusu. Kando ya hilo dogo mzee kaandika "bure". Binti aliyebaki kwenye nyumba ile ni jirani yetu, na Desemba atakuwepo.

Mnajua kwetu ndiko walikogundulika wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana. Mzee hakuandika sababu ya kifo hata mara moja, ila mwenye macho ataelewa.

Nikiiruka miaka hiyo sina historia ya kusoma. Ndiyo iliyotuezekea nyumba bati na kunilipia ada. Wapo wanaosema tulisomeshwa na misiba yao, na hawajakosea. Nifanyeje?

Mhasibu Mstaafu:
Soma idadi, majina acha. Mbona rahisi.

Kalamu Kavu:
Mkuu, senta yenyewe ina maduka kumi. Nikisema tu "nyumba iliyozika watatu" shingo zote zinageukia upande mmoja.

Nshomile Mstaarabu:
Mhaya apewe maiki halafu afikirie kunyamaza? Haijawahi kutokea 😂. Ila serious, pole sana mkuu.

Kisiki:
Choma. Hizo ni siri za watu. Halafu tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usije ukajitafutia kesi bure.

Fundi Mafinga:
Tuache sheria kidogo. Mzee alitumia mbao gani? Huku kwetu paini ndiyo kila kitu.

Kalamu Kavu:
Msizi zaidi, mvule kwa wenye uwezo. Ila kufikia 1990 mbao zilikuwa haziwahi kukauka, wateja wanasubiri mlangoni. Alipigilia mbichi. Namkumbuka mama akisema kuna sanduku lilipinda usiku wa matanga, kifuniko kikagoma kukaa, mzee akaitwa alfajiri na randa yake. Hilo nalo liko kwenye daftari: "nimerudia, sikudai."

Bandari ya Kemondo:
Ile meli iliyozama, MV Bukoba, je? 21 Mei 1996.

Kalamu Kavu:
Mistari 2 tu. Wengi walizikwa kule kule Mwanza, Igoma, na wengine hawakuonekana kabisa. Chini ya ile mistari kaacha nusu ukurasa mtupu, na hakuwa mtu wa kupoteza karatasi. Baada ya 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure, kurasa zinapungua taratibu. Mwaka 2006 naona "kitanda 5 kwa 6, bwana harusi", kakipigia mstari mara mbili.

Mama Wawili:
Mwanangu, mimi nilizika wadogo zangu 1990 na 1992. Fundi alitukopesha sanduku hadi kahawa ivunwe. Hapo senta hakuna asiyejua nani alikufa na nini, kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe ndiye mwenye siri. Nenda kwa huyo binti kabla ya Desemba. Nenda peke yako, na daftari mkononi. Kaka yako na gari lake lenye matangazo ubavuni abaki nyumbani.

Kalamu Kavu:
Mrejesho, wakuu. Nilikwenda Jumapili. Alisoma mistari yake kwa kidole, polepole, kisha akarudi kwenye ule wa baba yake: futi 6 na inchi 3. Nikamweleza mzee alikuwa anaongeza inchi 3 kwa kila maiti. Akaingia ndani, akatoka na futi kamba, akanipa niishike chini pale mlangoni, mwenyewe akaivuta juu hadi futi 6 na kuweka alama ya mkaa kwenye fremu. Baba alipofariki yeye alikuwa na miaka 4.

Ameniomba jina la yule mdogo wake lisomwe, pamoja na lile neno "bure". La baba na mama nisilitaje.

Nyumba nyingine zimebaki 26. Kesho naanza na ya karibu na kanisa.