Upepo wa tairi ulipanda safarini, nikaupunguza: je, nilikosea?

Dereva wa Mbali:
Ndugu madereva, salaam. Juzi alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, nilipima upepo wa matairi yote manne, na kila moja likasoma 32 psi (pauni kwa inchi ya mraba), kama inavyosomeka kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi katika barabara kuu nilisimama kujaza mafuta, nikapima tena na kukuta kipimo kimepanda hadi 37. Nikahofia kwamba matairi yangepasuka, hivyo nikaachia upepo hadi 32 na kuendelea na safari. Asubuhi iliyofuata nilipima kwa udadisi tu, nikakuta 27 kote, wala taa ya onyo haikuwaka. Naomba kueleweshwa: upepo huo ulikwenda wapi, na kwa nini gari halikunionya?

Fundi Mstaafu:
Ndugu, hakuna upepo uliopotea isipokuwa ule ulioachia kwa mkono wako mwenyewe. Kipimo cha kibandiko ni cha tairi lililopoa, yaani la gari lililosimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au lililotembea kilomita moja na nusu tu kwa mwendo wa pole. Tairi linapozunguka chini ya uzito wa gari, mbavu zake hujikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, na mkunjo huo huzalisha joto. Hewa iliyofungiwa ndani, kwa kuwa haina pa kutanukia, husukuma kwa nguvu zaidi. Ongezeko la psi nne hadi sita ni la kawaida, na waliochagua ile 32 walikwisha kulihesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, nami huifurahia. Geji huonyesha tu kiasi kinachozidi shinikizo la hewa ya nje, ambalo katika usawa wa bahari ni takriban 14.7 psi, kwa hiyo 32 ya geji, ukijumlisha la hewa ya nje, ni shinikizo kamili la 46.7. Tuseme alfajiri tairi lilikuwa na nyuzijoto 20 na safarini likafika 50. Kwa kipimo cha kelvini (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273), joto limetoka 293 hadi 323, na shinikizo kamili hupanda kwa uwiano uleule hadi takriban 51.5, ondoa 14.7, utabaki na karibu 37, namba ileile uliyoiona. Sasa rudi nyuma: tairi lililoachiwa hadi 32 likiwa na nyuzi 50, likipoa hadi 20, hubaki na 27 na ushei.

Mpenda Tahadhari:
Kwa heshima ya fundi, mimi bado naona ni afadhali kupunguza walau psi mbili wakati wa jua kali. Tairi lililojaa kupita kiasi ndilo hupasuka. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia barabarani.

Fundi Mstaafu:
Nawaheshimu waliotutangulia, lakini katika hili mambo ni kinyume. Tairi lenye upepo pungufu ndilo hujikunja zaidi, hivyo ndilo hupata joto zaidi, hadi tabaka zake za ndani zinaanza kuachana. Anayeachia upepo kwa nia ya kulipoza tairi kwa kweli analipasha moto. Sisemi kwamba kuzidisha hakuna madhara: tairi lililozidishwa huchakaa katikati ya kashata (sehemu inayokanyaga barabara), hudunda na hugusa barabara kwa eneo dogo, ilhali lililopungukiwa huchakaa kingo zote mbili. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi nayo isiwahadae, kwa sababu ni kikomo cha tairi lenyewe, si kiwango kinachofaa gari lako.

Ukilazimika kuongeza upepo njiani tairi likiwa la moto, lifikishe psi nne hivi juu ya namba ya kibandiko, kisha lipime upya litakapopoa.

Msomaji wa Vitabu vya Magari:
Naomba nijibu kuhusu taa, kwa kuwa wengi huiamini kupita kiasi. Kanuni ya Marekani, inayoyahusu magari mepesi yaliyotengenezwa tangu Septemba 2007, inataka taa iwake upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kibandiko. Robo ya 32 ni 8, kwa hiyo gari lililoundwa kwa kufuata kanuni hiyo laweza kukaa kimya hadi upepo ufike 24. Tena yapo magari yasiyo na sensa (vihisi vya upepo) ndani ya matairi, ambayo hulinganisha tu kasi ya mzunguko wa kila gurudumu kwa kutumia sensa za breki; ukipunguza yote manne kwa pamoja, kama ulivyofanya, hakuna gurudumu linalotofautiana na mwenzake.

Kama safari hiyo ulikuwa na abiria na mizigo, kitazame kibandiko tena, kwani vingi huwa na namba ya pili ya gari lililojaa.

Dereva wa Mbali:
Nimeelewa, na nawashukuru nyote. Niliyajaza yote hadi 32 yakiwa yamepoa. Leo alfajiri matatu yamebaki palepale, lakini la nyuma kushoto limesoma 29. Nimepaka povu la sabuni kwenye valvu, na vipovu vidogo vinatoka.

Fundi Mstaafu:
Angalia vinatokea wapi hasa. Vikitoka katikati ya tundu, kosa ni la kisindano cha ndani ya valvu, ambacho hukazwa au kubadilishwa bila kulivua tairi kwenye rimu. Vikitoka pembeni, kwenye shina, mpira wa valvu umechoka na tairi halina budi kuvuliwa.

Dereva wa Mbali:
Vinatoka katikati.