Naomba ushauri: roketi yetu ya maji inapinduka angani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na wenzangu watatu hapa Wete tunarusha roketi ya maji nyuma ya nyumba. Hakuna moto wala baruti, mama asingekubali. Ni chupa ya soda ya lita 1.5, maji theluthi moja, kizibo cha mpira kilichopitishwa valvu ya tyubu, na pampu ya baiskeli. Upepo ukijaa kizibo kinafyatuka, maji yanatoka kwa chini, chupa inakwenda juu.

Tatizo, ikipita paa tu inaanza kupinduka-pinduka kama samaki aliyevuliwa. Mapezi tulikata kwenye boksi, yakishalowa yanalegea. Juzi ikaangukia jamvi la karafuu za jirani. Tuliokota moja moja mpaka magharibi, na salamu zake bado za shingo upande.

Je, niongeze uzito puani, labda udongo wa mfinyanzi, au nianze na mapezi ya plastiki ya ndoo? Na kizibo kinatoka mapema mno. Nikikaza zaidi naogopa chupa isije ikatupasukia usoni. Aliyewahi kufanya anielekeze. Uwanja mwengine tumeshapata, mbali na karafuu.