Vocha za mtaa, awamu ya pili

Mama Zawadi: Habari za jioni jamani. Jumamosi tunaanza upya vocha zetu za kubadilishana kazi bila pesa na mpaka sasa walioandika hawafiki hata watano. Kila mtu aandike anatoa nini anataka nini. Naanza mimi, natoa kushona na kupunguza nguo, nataka mtu wa kumfundisha mwanangu hesabu

Mama Zawadi: Tiki za bluu naziona jamani

Baraka: natoa ushauri wa mapenzi, vocha mbili kwa saa

Rehema: 😂😂 wewe ndo utulipe sisi

Mama Zawadi: Baraka andika kompyuta tuendelee

Baraka: haya kompyuta na simu. ila kama sina hata vocha moja naanzaje

Mama Zawadi: Wote tunaanza na sifuri. Rehema akikusuka, wewe unashuka chini ya sifuri yeye anapanda kiasi hicho hicho, ukijumlisha daftari zima inarudi sifuri, riba hakuna. Michael Linton alianzisha hivi Kanada 1983, pesa ilikuwa imekauka kwao lakini watu ujuzi wanao

Rehema: afu mimi nisukwe na nani 😂 na si kuna watu walikamatwa Mombasa kwa haya haya?

Mama Zawadi: Hiyo Bangla-Pesa, vocha za mtaa kule Mikindani, 2013. Walishtakiwa na baadaye mashtaka yakaondolewa. Wao walichapa karatasi, sisi tunaandika daftarini

Fundi Juma: Kabla sijaandika chochote, vocha zangu za awamu ya kwanza ziko wapi? Nimetengeneza mabomba nusu ya mtaa huu, nikajaa vocha, kila ninayemwomba kazi yuko bize, paa langu limevuja mpaka mvua zimeisha zenyewe

Baraka: si ulipewa kiti fundi

Fundi Juma: Cha miguu mitatu

Rehema: 🙈🙈

Baraka: kile kiti jamani 😂😂😂

Mama Zawadi: Tusitoke kwenye mada. Juma ndo maana safari hii kuna kikomo, ukifika juu hupokei kazi mpaka utumie, na wa chini hahudumiwi mpaka atoe. Mji wa Wörgl kule Austria 1932 noti yao ilikuwa inakatwa thamani asilimia 1 kila mwezi ili watu wasizilaze, vocha ikilala inakufa

Fundi Juma: Mimi sikuzilaza. Nilikosa wa kumpa.

Mzee Salim: Nimesoma kuanzia juu. Wanaodaiwa na Juma wamo humu na wanajijua. Hatufungui daftari jipya la zamani likiwa wazi. Mimi pia alinifungia bomba, asubuhi nitakuwa kwake na vijana wawili tuanze hilo paa. Wengine mjitokeze

Mama Zawadi: Sawa mzee

Baba Neema: Shikamoo mzee. Niko safari, nikirudi nitaonana na Juma

Mzee Salim: Marahaba. Na wewe fundi seremala hutumi mtu?

Rehema: mzee mimi sijui kupanda juu ila mke wa Juma nitamsuka, sihesabu vocha

Mama Zawadi: Asante Rehema. Sasa Jumamosi inabaki au tusogeze? Nijibuni leo nipange daftari

Fundi Juma: Jumamosi nitakuja kusikiliza. Jina langu usiandike bado

Mama Zawadi: Sawa. Na ngazi ndefu nani anayo?

Hamisi: natoa kunyoa. Jumamosi kuna nini